Ni miti inaniponya au ni vidonge? Wenye magonjwa ya kudumu njooni humu

MicheYaJinja
Wadau habari zenu. Mimi ni mgonjwa wa sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, nimezaliwa nayo. Umri nilionao sasa hivi ni ule ambao majirani walimwambia mama asiuhesabie, kwa hiyo kila mwaka unaoongezeka nafurahi kuwaudhi.

Nina kitalu kidogo cha miche ng'ambo ya Jinja, upande wa Njeru. Musizi, mvule, grevilea, kaliandra, parachichi za kubebeshwa. Nilianza ili nisikae bure, maana kazi za ofisini zilikuwa zinaniponyoka kila nikilazwa, bosi mara ya kwanza anakupa pole, mara ya pili anaangalia saa. Sasa tangu nianze kushinda kwenye miche kulazwa kumepungua sana, maumivu yakija yanakuja mepesi, na hata yakija yale ya kukata mifupa kuna kitu kinanitoa kitandani maana viriba vinataka maji na haviwezi kujimwagilia. Nilipomwambia daktari alicheka akasema endelea kumeza dawa. Dada yangu anasema ni maombi yake. Mimi nasema ni miti.

Wewe mwenye kisukari, presha, lupasi, figo, chochote kile kisichoisha, je na wewe limekukuta hili au ni mimi tu najidanganya?

Kuku_wa_Kienyeji
Ni miti. Uzi ufungwe.

(natania, ngoja waje wenye elimu zao, mimi nakaa hapa na rolex yangu ya chapati na yai)

NesiWaUsiku
Hongera sana mleta uzi. Nina maswali mawili kabla watu hawajaanza kupanda mapori. Moja, dawa ya sikoseli ya haidroksiyurea unatumia? Mbili, ulianza lini ukilinganisha na hicho kitalu?

MicheYaJinja
@NesiWaUsiku natumia, na vidonge vya foliki vya kusaidia damu, na ya kuzuia malaria. Haidroksiyurea na kitalu vilikuja karibu wakati mmoja. Najua unapoelekea.

NesiWaUsiku
Basi nimalize. Ile dawa inaurudisha mwili kutengeneza damu ya aina ile uliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haijikunji kuwa mundu. Haifanyi kazi kwa siku moja, inataka miezi. Kwa hiyo wewe umeanza dawa, umeanza miche, miezi imepita, umepata nafuu, sifa zote unaupa mvule. Mvule umekaa pale unashangaa.

Sisemi miti haina kitu. Nasema kuna vingine umeviacha nje ya hesabu. Kitaluni una maji karibu, unakunywa. Kukauka maji mwilini ni mojawapo ya vitu vinavyoita maumivu haraka, na ofisini watu hawanywi maji wanaogopa foleni ya choo. Kuna baridi pia, zile eisi (viyoyozi) za ofisini ni adui mkubwa wa sikoseli. Umetoka kwenye baridi umeingia kwenye joto la Njeru.

Mtanganyika_Kla
Aisee wakuu, hapa Uganda mna historia yenu na hamuijui, mpaka Mtanzania aje awaambie. Miaka ya 1970 kuna mtafiti Mwingereza, John Stanford, alikuwa anafuatilia mambo ya ukoma na chanjo, akaona watu wa kandokando ya ziwa Kyoga chanjo inawakubali kuliko wengine. Kuchunguza udongo wa huko wakakuta bakteria mmoja, Mycobacterium vaccae. Baadaye daktari wa saratani wa London, Mary O'Brien, akawapa wagonjwa wake wa mapafu, wakawa wanasema wanajisikia vizuri, moyo umekuwa mwepesi. Mwaka 2007 watafiti wa Bristol, Uingereza, wakajaribu kwa panya, ikaonekana yule bakteria anaamsha seli za ubongo zinazotoa serotonini, ile kemikali inayohusika na furaha.

Sasa mleta uzi anashinda mikono ndani ya udongo kutwa nzima, tena udongo wa bonde hilohilo la Nile, nyie mnabishana na vidonge. Dawa iko kwenye kucha zake.

Kuku_wa_Kienyeji
Kwa hiyo nisinawe mikono kabla ya kula rolex? Sayansi imesema?

NesiWaUsiku
@Mtanganyika_Kla habari yako ni ya kweli ila umeikata mkia. Wale wa London hawakuishi zaidi ya wenzao, hilo ndilo lililoonekana. Walijisikia afadhali tu. Na walidungwa bakteria aliyekwisha kuuawa, hakuna aliyelima. Kutoka sindano ya London na panya wa Bristol mpaka kiriba cha Njeru kuna safari ndefu.

Mtanganyika_Kla
"Walijisikia afadhali tu". Mkuu, kwa mtu mwenye ugonjwa usiopona hilo "tu" umeliweka la nini? Na zile habari za wagonjwa wa hospitali waliolazwa karibu na dirisha lenye miti wakatoka mapema, nazo utazikata mkia?

NesiWaUsiku
Nazijua, utafiti wa Roger Ulrich, 1984. Wagonjwa 46 wa Pennsylvania, nusu wanaona miti nusu wanaona ukuta wa matofali. Wa miti waliomba dawa kali za maumivu kidogo na wakatoka mapema kidogo, chini ya siku moja. Lakini wale walikuwa wametolewa nyongo. Unakata, unashona, unaenda nyumbani. Humu tunaongelea watu ambao hakuna cha kukata.

BintiBusia
Mimi nina presha na miguu kuwaka moto usiku. Kuna bibi hapa Busia aliniambia niwe navua viatu natembea kwenye udongo asubuhi na mapema umande ukiwa bado, eti ardhi inavuta ugonjwa. Jamani nalala sasa. Sijui ni umande sijui ni nini ila nalala. Wasomi elezeni.

Kijana_wa_Fort
@BintiBusia dada yangu, pole pole na hiyo. Mwaka 2015 huku kwetu Kamwenge kulikuwa na watu miguu imevimba wanadhani ni matende, serikali ikaja kupima, minyoo ya matende hawana. Kumbe ni podokoniosisi, inatokana na kutembea peku miaka na miaka kwenye udongo wa volkano, chembechembe zinaingia kwenye ngozi. Sawasawa na huko Elgon. Wakulima wale, watu wa asili kabisa, ardhi haikuvuta ugonjwa, iliwapa.

Na kama miguu inawaka moto nenda kapime sukari kwanza. Mwenye kisukari akikanyaga mwiba hajui, kidonda kinaanza anaambiwa kata.

BintiBusia
Uuuwi. Asante kijana. Naenda kupima, na sandali nanunua leo.

KivuliTu
Nilikuwa nasoma kimya kimya. Nina lupasi, kinga ya mwili inanigeukia mwenyewe. Kwa hiyo nikisikia "toka nje ukapate jua" natamani kumpiga mtu. Jua ndilo linaniamsha ugonjwa, uso unatoka wekundu, viungo vinavimba, siku tatu sinyanyui kikombe. Kwa hiyo asili yenu hiyo mnayoisifu mimi naingia kwa masharti, mikono mirefu, kofia, na baada ya saa kumi.

Nakaa Entebbe. Jioni naenda kwenye ile bustani ya mimea ya tangu 1898, nakaa chini ya miti mikubwa kule kwenye msitu, mbega wako juu wananidondoshea makapi ya matunda kichwani bila heshima. Kuna mmoja ana mtoto, mtoto bado mweupe, mama anamvuta mkia kila akitaka kuruka tawi ambalo hajaliweza. Naweza kuwaangalia mpaka mlinzi aje kunifukuza.

Sijapona chochote. Vidonge vyangu ni vilevile, damu nikipima ni ileile. Ila pale hakuna anayeniuliza unaendeleaje, na mimi simjibu mtu "namshukuru Mungu" huku naumia. Sijui hiyo mnaiita tiba ya aina gani.

Mtu_wa_Katwe
Mimi niwe mbaya kidogo. Hii kitu ya "asili inaponya" ni ya watu wa mjini. Babu yangu alizaliwa msituni, akalima msituni, hewa safi, ndege, kila kitu, na presha ilimuua chini ya mwembe alioupanda mwenyewe. Mwembe haukumsaidia. Kijiji kizima kimezungukwa na miti na zahanati imejaa. Kama miti inaponya, huko vijijini kungekuwa na wagonjwa kweli? Nyie mnafurahia kwa sababu mmechagua kwenda. Yule ambaye hakulichagua jembe muulizeni kama anajisikia kupona.

Kuku_wa_Kienyeji
Mmmh. Hapo Katwe umechoma.

Mwalimu_Tororo
Katwe yuko sahihi kwenye kitu kimoja, ni kuchagua. Mdogo wangu ana sikoseli pia, alikuwa anauza dukani kwa mtu. Maumivu yakianza anayaficha, anatabasamu na wateja, mpaka jioni ameanguka, hospitali, dripu. Sasa ana cherehani yake nyumbani na yeye kulazwa kumepungua. Hana hata mchicha. Ila akihisi dalili analala hapohapo, anakunywa maji, anajifunika, saa mbili tatu ameamka.

Kwa hiyo mleta uzi usikasirike, inawezekana kilichokuponya ni kutokuwa na bosi. Miti hainuni ukikaa chini.

Sanjenti_Mstaafu
Salaam kutoka Bombo. Vijana mnabishana vizuri lakini wote mmezaliwa juzi.

Mimi naishi na virusi vya Ukimwi tangu enzi ambazo dawa za ARV tulikuwa tunazisikia kwa redio kuwa ziko Ulaya. Uganda walianza kugawa za bure 2004, hesabuni wenyewe tulivyosubiri. TASO, lile shirika la kutusaidia sisi wenye virusi, ilikuwepo tangu 1987, walitufundisha kuishi na matumaini, wakatuambia limeni, fugeni, msilale. Mimi nikapanda kahawa. Sasa kahawa ukipanda leo unasubiri miaka mitatu ndipo uanze kuona buni ya maana, na mimi nilikuwa nimeambiwa miaka mitatu sina. Ndugu zangu wakasema mzee amerukwa akili, anapandia nani? Nikasema napanda.

Nilivuna. Na bado navuna. Watu wakija huwa nawaambia ni ule ubishi ulioniweka. Lakini niseme na upande wa pili maana Nesi atanikaba. Wenzangu tuliopanda pamoja kabla ya dawa kufika, wengi tumewazika, na mashamba yao yalikuwa mazuri kuliko langu. Kuna mmoja kahawa yake ilikuwa imenyooka kama gwaride, hakuionja. Kwa hiyo shamba halikutosha. Dawa ilipofika ikanikuta bado nasimama, na hapo sijui nimshukuru nani kwanza.

MamaPacha_Mbale
Afande umeniliza ofisini watu wananiangalia.

Mwana_wa_Sheema
Mnazunguka mbali wakati sisi huku magharibi tulishamaliza kesi. Njooni Kitagata. Chemchemi za moto, moja ni ya Omugabe, mfalme wa Ankole, nyingine watu wanaiita Mulago kama ile hospitali kubwa ya Kampala, maana ukishindwa na hospitali unakuja pale. Utakuta mabibi na mababu wamejilaza kwenye maji nguo kidogo tu, wengine wameletwa wamebebwa, viungo, mgongo, mifupa. Mjomba wangu ana yabisi, kila msimu anakwenda, anarudi anatembea mwenyewe.

Kuku_wa_Kienyeji
Si ndio kule watalii wanachemsha mayai? Unaoga na yai lako linaiva pembeni 😂

Kijana_wa_Fort
Hapana hiyo ya mayai ni Sempaya, kule Semuliki, Bundibugyo. Ukijilaza Sempaya wewe ndiye utakuwa yai. Kitagata ni ya kuoga.

Mwana_wa_Sheema
Asante Fort. Na hata Kitagata kuna mahali maji yanatoka makali huwezi kugusa, watu wanajua wapi pa kukaa. Usijitumbukize tu kwa sababu umesoma humu.

NesiWaUsiku
Na wenye sikoseli msikae kwenye maji ya moto muda mrefu mkakauka. Uvuguvugu kwenye viungo ni sawa, tena unasaidia maumivu. Wenye presha na moyo ulizeni kwanza. Na mabibi wanaokunywa yale maji mimi sina la kusema.

MnyukiArua
West Nile tuko hapa. Nina kisukari na nafuga nyuki. Ndiyo, cheka.

Kuku_wa_Kienyeji
Sijasema kitu. Nimekaa kimya. Nimetafuna ulimi.

MnyukiArua
Kila mtu anacheka. Asali nauza, siili, labda naramba kidole kwenye kuchuja na hapo mke wangu ananiona. Nilichotaka kusema ni kwamba sikubaliani na Mwalimu kwamba ni kukosa bosi tu. Mimi kabla ya nyuki nilikuwa na boda yangu mwenyewe, hakuna bosi, na sukari ilikuwa inapanda kila wiki kwa sababu kutwa umekaa, unakula chapati barabarani, unagombana na trafiki. Mzinga haukuruhusu kuwa na hasira. Ukifika na hasira, ukafungua kwa pupa, wanakujua. Kwa hiyo lazima kwanza usimame pembeni, upumue, moshi polepole, mikono polepole. Natembea kutoka mzinga hadi mzinga, nimepungua tumbo. Sukari imeshuka. Sasa niambieni ni nyuki, ni kutembea au ni chapati niliyoiacha?

NesiWaUsiku
Chapati.

Mtanganyika_Kla
Nesi huna moyo 😂😂

MicheYaJinja
Nimerudi, nilikuwa kitaluni na simu ilizima. Asanteni wote. @Mwalimu_Tororo sijakasirika, la bosi limeniingia, ni kweli siku nikizidiwa nakaa kwenye kigoda na hakuna anayeninunia.

Ila Katwe, nikujibu kidogo. Unasema mti hauponyi mtu, sawa. Lakini nikueleze kuhusu mvule. Busoga zamani ilikuwa imejaa mivule, wazee wanakuambia, leo ukiona mmoja unasimama kuuangalia. Sababu mojawapo ya watu kukata tamaa kuupanda ni kwamba mche wake una mdudu wake. Anataga kwenye majani machanga, jani linavimba, linafanya vinundu vya kijani vyenye maji, mwisho vinapasuka, ncha inaoza na mche unaanza kufa kutoka juu. Ukiuotesha mahali pa wazi peke yake anaumaliza. Mimi nimeichanganya chini ya kivuli cha musizi, na kila asubuhi napita mche kwa mche nageuza majani, nikikuta kinundu kikiwa bado kigumu nakikwanyua nakichoma. Unaweza kuona mche umekatwa ncha yake tena na tena na unatoa chipukizi pembeni, umepinda, mbaya kuuangalia, hakuna mteja anautaka. Hiyo iliyopinda nimeipanda mwenyewe kandokando ya uzio.

Sisemi ni dawa. Nesi nimekuelewa na vidonge nameza. Nasema tu siku ile nina maumivu ya mgongo hadi natapika, daktari anajua damu yangu, dada anajua roho yangu, ila kazi ya kugeuza majani yale ni mimi tu ninayeijua, nikikosa siku mbili inaonekana. Ofisini nilikosa wiki tatu na hakuna kilichopinda.

Mtu_wa_Katwe
Nimesoma. Bado nasema hiyo ni kazi, sio asili. Ungekuwa fundi wa redio ungesema hivyohivyo kuhusu waya.

KivuliTu
Katwe mbona mimi sifanyi kazi yoyote pale bustanini? Sipandi, simwagilii, mbega hawanihitaji hata kidogo. Na bado kuna kitu.

Mtu_wa_Katwe
Wewe unahitaji likizo.

KivuliTu
Likizo ya lupasi inatolewa ofisi gani nikajaze fomu?

Sanjenti_Mstaafu
Haha, Katwe kaa chini.

DadaYakeMwenyeMiche
Nimeitwa humu na mtu. Mimi ndiye dada. Naomba iandikwe kwamba nilianza kuomba kabla ya haidroksiyurea NA kabla ya kitalu. Asanteni.

Kuku_wa_Kienyeji
Uzi umepata shahidi 😂😂😂 Nesi hesabu tarehe!

NesiWaUsiku
Kwa tarehe dada anaongoza. Siwezi kubisha.

MamaPacha_Mbale
Jamani kabla hatujapotea kabisa nina swali la kweli. Pacha wangu mmoja ana sikoseli, mwingine hana. Shule inawapeleka Sipi, maporomoko, na yule mwenye ugonjwa analia anataka kwenda na mwenzake. Bibi yao amekataa, anasema baridi ya Kapchorwa itamuua. Nilivyosoma humu nimetamani aende aone miti na maji, lakini naogopa. Mmesemaje?

Mwalimu_Tororo
Asiachwe. Mdogo wangu aliachwa kila safari ya shule mpaka leo analisema hilo kuliko anavyosema maumivu.

NesiWaUsiku
Mama Pacha, muulize kwanza daktari anayemwona, yeye anajua damu yake ikoje wiki hii. Akikubali: koti na soksi hata kama Mbale kuna jua siku hiyo, chupa ya maji na mwalimu ahakikishe inaisha, dawa zake ziwe kwa mwalimu sio kwenye begi chini ya basi. Apande kwa mwendo wake, asishindane na wenzake. Pale maporomoko yanapoangukia watoto wanapenda kujiloweka kwa ule mvuke wa maji, yeye aangalie kwa mbali, akilowa abadilishwe nguo hapohapo. Na kama amekuwa na homa siku za karibuni, asiende. Akianza kusema mguu unauma wasimwambie ni uchovu.

MicheYaJinja
Na mwalimu aambiwe kabla, sio siku hiyohiyo kwenye basi. Mimi mwalimu wangu alijua nimeshaanguka.

MamaPacha_Mbale
Nawashukuru sana. Jumatatu ana kliniki nitauliza. Bibi yao nitamwambia ni Nesi amesema.

NesiWaUsiku
Nesi amesema muulize daktari. Usinitie kwenye kesi ya bibi.

MnyukiArua
@MicheYaJinja hiyo kaliandra bado ipo? Nyuki wangu wanaipenda mno maua yake. Naweza kupata miche ikaja kwa basi mpaka Arua ikiwa hai?

MicheYaJinja
Ipo. Inafika ikiwa hai kama dereva hataiweka juu ya injini. Nicheki pembeni.

Mtu_wa_Katwe
Parachichi za kubebeshwa unauzaje? Nauliza tu, msimamo wangu uko palepale.